Kilomita 325 kwa nyimbo tatu

*Msimu wa mavuno ukifika, vijana wa Sumbawanga huchangishana kukodi gari, wakaenda Mbeya kuwaona wasanii wanaowasikia redioni mwaka mzima, wakarudi kabla Jumapili haijaisha. Mwandishi wetu alipanda nao.*

Saa 10 alfajiri ya mwezi Julai, Sumbawanga si mji wa kusimama nje. Upepo wa Ufipa hupenya kwenye mkono wa koti, ukapanda hadi kwapani, ukakaa hukohuko. Tulikuwa kumi, karibu na stendi, mbele ya duka lililofungwa, tumeizunguka Noah nyeupe kama watu wanaoota moto. Injini ilikuwa imewashwa na boneti lina joto.

Kila mtu alivaa nguo juu ya nguo. Nje sweta na kofia ya sufu. Ndani kabisa, fulana mpya iliyonunuliwa kwa ajili ya usiku huo. Binti mmoja, fundi cherehani, alivaa ndala na soksi, viatu vya shoo akavibeba kwenye mfuko mbadala. Gauni lake alilishona mwenyewe wiki nzima, usiku, baada ya kumaliza sare za shule za wateja.

Dereva akahesabu vichwa, akaridhika. Nikamkumbusha kwamba gari lile ni la watu wanane.

"Braza," akanijibu, "hawa wote wembamba."

Tukaingia. Kwa mtu wa Ufipa, safari ya siku moja ya kwenda mjini kusikiliza muziki huanza hivyo.

Hilo neno "mjini" lina ngazi zake. Sumbawanga ni manispaa na makao makuu ya Mkoa wa Rukwa. Mtu wa Matai, Laela au Namanyere akisema anakwenda mjini, anakuja kwetu. Lakini likija suala la jukwaa, taa za rangi na spika zinazotikisa kifua, mjini ni Mbeya. Unaifuata barabara ya Laela na Ndalambo hadi Tunduma, kilomita zipatazo 224, kisha unaishika barabara kuu itokayo Zambia kwa kilomita nyingine 100 hivi, kupitia Vwawa, Mlowo na Mbalizi.

Lami imefika, jukwaa bado

Watu wa umri wangu tunaikumbuka barabara ya Tunduma kabla ya lami. Masika ikikolea, basi liliondoka Sumbawanga bila mtu kuthubutu kutaja saa ya kufika. Abiria walishuka kusukuma, wakapanda na matope yao, wakashuka tena. Kwenda Mbeya kwa ajili ya muziki peke yake kungeonekana wazimu. Ulikwenda kwa msiba, kwa hospitali ya rufaa au kwa biashara, muziki ukaukuta kwa bahati.

Mambo yakabadilika kwa fedha za Marekani. Februari 2008, Rais George W. Bush alipokuja nchini, yeye na Rais Jakaya Kikwete walitia saini mkataba wa msaada wa dola milioni 698 kupitia shirika la MCC. Sehemu ya fedha hizo ndiyo iliyotandika lami kati ya Tunduma na Sumbawanga. Muda wa mkataba ulipomalizika Septemba 2013, safari iliyokuwa ikila mchana wote, na pengine usiku wake, ilikuwa imekuwa ya saa chache.

Kikwazo cha pili kiliondoka miaka kumi baadaye. Kwa takribani miongo mitatu mabasi ya abiria hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha. Aliyetoka tamashani usiku wa manane alijiegesha stendi, kichwa juu ya begi, akingoja kupambazuke. Juni 2023 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akalitangazia Bunge kwamba zuio limeondolewa, na kuanzia Oktoba 1 mwaka huo mabasi yakaanza kuruhusiwa kutembea saa 24. Ndipo kwenda na kurudi bila kulala gesti kukawa jambo la kupangika.

Barabara basi ipo, na usiku umefunguliwa. Kilichobaki kiko angani. Uwanja wa ndege wa Songwe, ulioanza kupokea ndege Desemba 2012, uko jirani kabisa na Jiji la Mbeya. Msanii anakunywa chai Dar es Salaam, anakula mchana Mbeya, usiku anaimba, kesho yake yuko kwake. Uwanja wa Sumbawanga nao uliingizwa kwenye mradi wa kuboreshwa kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, pamoja na vile vya Kigoma, Tabora na Shinyanga. Lakini mazoea ya waandaaji yameshajengeka. Kanda ya kusini magharibi kwao ni Mbeya, na wengine wote wataifuata Mbeya.

*Kwao kanda ya kusini magharibi ni Mbeya, na wengine wote wataifuata Mbeya.*

Gunia linapogeuka tiketi

Tupige hesabu. Kwa viwango vilivyotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) Desemba 2023, basi la daraja la kawaida lilitoza Sh48.47 kwa kilomita. Zidisha kwa 325 upate kama Sh15,750. Kwenda na kurudi ni Sh31,500, hujanywa maji, hujala chipsi, hujapanda bodaboda. Kiingilio cha kawaida cha tamasha tulilokwenda hakikufika hata nusu ya nauli hiyo. Kijana wa Mbeya analipa kiingilio. Kijana wa Sumbawanga analipa barabara, halafu kiingilio kinakuja kama nyongeza.

Katika Noah yetu fedha hizo zilitoka shambani, kwa njia moja au nyingine. Mmoja alikuwa ameuza magunia mawili ya mahindi kabla ya bei kupanda, na kaka yake alimsema sana kwa hilo. Fundi cherehani analipwa na wazazi ambao nao huuza mahindi na maharage. Kinyozi, muuza vocha, wa bodaboda: wote mfuko wao huvimba kuanzia Juni, ukaanza kunywea Novemba.

Mapromota wanalijua hilo vizuri kuliko maofisa kilimo. Matamasha ya kuzunguka mikoani, kama Fiesta ya Clouds iliyoanza miaka ya mwanzo ya 2000, au Wasafi Festival iliyozinduliwa Mtwara Novemba 2018, kwa kawaida hupangwa nusu ya pili ya mwaka. Sidhani kama ni bahati tu. Wakulima wa huku hawajasahau mwaka 2017, serikali ilipozuia mahindi kuuzwa nje na bei ikaporomoka magunia yakiwa uani. Mwaka kama huo hakuna wa kukodi Noah.

Saa 9 usiku

Saa 5 asubuhi tulikuwa Mwanjelwa, jijini Mbeya. Mchana ulipita kama mchana wa watu wasio na shughuli mjini unavyopita: kuzunguka sokoni, kuulizia bei za vitu ambavyo hakuna aliyekusudia kuvinunua, kupiga picha mlima Loleza ukionekana nyuma. Kijana wa magunia mawili alinunua spika ya bluetooth, akaijaribu hapohapo kwa wimbo wa msanii ambaye usiku huo angemwona kwa macho. Muuzaji akamwomba apunguze sauti.

Lango lilifunguliwa saa 12 jioni. Mkononi tukafungwa utepe wa karatasi, ule usiovuliwa ila kwa kukatwa. Fundi cherehani akavua ndala, akavaa viatu vyake, akazitia ndala na soksi kwenye mfuko uleule. Alisimama wima kama mtu aliyefika.

Msanii mkubwa, yule ambaye picha yake ilijaa bango zima, alipanda saa 9 usiku. Hapo tulikuwa tumesimama kwa saa tisa. Kabla yake walipita ma-DJ, washereheshaji waliotuuliza mara ishirini kama tupo, na bendi ndogo ya pale Mbeya ambayo hakuna aliyeisikiliza kwa kuwa ilipigishwa saa 2 usiku, watu wakiwa bado kwenye foleni ya lango.

Akaimba nyimbo tatu. Kuimba nasema kwa heshima. Sauti ilitoka kwenye flashi, yeye akiwa juu yake na maikrofoni, akiongeza neno moja moja na kutuelekezea maikrofoni ili tumalizie mstari. Umati ulimalizia. Umati ulijua kila kitu, hata pumzi.

Katikati ya wimbo wa pili flashi ikagoma.

Ukimya wa spika kubwa una uzito wake. Msanii alitazama nyuma. DJ akainama. Watu wakaanza kupiga miluzi. Ndipo mpiga gitaa wa ile bendi ya saa 2, mtu mzima aliyevaa koti la suti lililopauka, akatoka pembeni, akachomeka waya na kuanza kupiga. Hakupiga wimbo uliokatika. Alipiga mzunguko wa noti nne tano, sauti ya gitaa ikiwa imechubuka kidogo kwa sababu spika yake ndogo ilizidiwa. Mpiga dramu akamkimbilia. Pengine ilikuwa dakika tatu, pengine nne. Nilimwona fundi cherehani amefumba macho.

Flashi ikapona, wimbo ukarudi ulikoishia, mzee akachomoa waya wake. Saa 9 na dakika 20 msanii alikuwa kwenye gari.

*Umati ulijua kila kitu, hata pumzi.*

Mchawi aliyepita jirani

Gitaa lile la kuchubuka lilinipeleka ng'ambo. Maporomoko ya Kalambo, mita 235 kwenda chini, yako mpakani. Upande huu wetu, upande ule Zambia. Na Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa nchi ya rock. Vijana wa Lusaka na wa miji ya migodi ya Copperbelt walilichukua gitaa la umeme, wakalichanganya na mapigo ya kwao, wakaunda muziki ambao dunia baadaye iliuita Zamrock.

Bendi iliyovuma kuliko zote iliitwa WITCH. Ni herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza yanayosema "tumekusudia kuleta vurugu", lakini zikisomwa kwa pamoja zinakuwa "mchawi". Mwimbaji wake, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari, kwa kufananishwa na Mick Jagger wa Rolling Stones. Sumbawanga, kwa Kifipa, huelezwa kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Bango la bendi hiyo hapa kwetu lingehitaji maelezo marefu mbele ya wazee.

Tanzania haikuwa mbali. Sunburst, bendi ya Dar es Salaam, ilirekodi albamu yake ya *Ave Africa* hukohuko Zambia mwaka 1976. Kwa hiyo anayesema gitaa la namna ile ni la Wazungu anasahau kwamba liliwahi kulia ng'ambo tu ya mpaka wetu.

Zamrock ilizimika kwa sababu ambayo mkulima wa Ufipa ataielewa bila kuelezwa: bei. Katikati ya miaka ya 1970 shaba ilishuka kwenye soko la dunia, mishahara ya migodini ikakosa nguvu, na wasikilizaji wakakosa cha kulipa langoni. Jagari akawa mwalimu, baadaye akachimba madini ya vito. Alirudi jukwaani mvi zikiwa zimeingia. Mwaka 2023 WITCH ilitoa albamu mpya, *Zango*, baada ya kuzunguka Ulaya na vijana waliozaliwa bendi ikiwa imeshakufa. Muziki wa jukwaani hufuata mfuko wa msikilizaji. Kule ulifuata shaba, huku unafuata mahindi.

Kwa nini wasije wao?

Swali hilo liliulizwa ndani ya Noah kabla hatujafika Laela, na halikupoa hadi tuliporudi.

Hoja ya waandaaji inaeleweka. Jukwaa, jenereta, taa na spika husafirishwa kwa malori, na kila kilomita ina dizeli yake. Mdhamini, mara nyingi kampuni ya simu au ya bia, anahesabu vichwa. Kwa sensa ya mwaka 2022 Jiji la Mbeya lina watu zaidi ya laki tano, Manispaa ya Sumbawanga takribani laki tatu. Na kwa muda mrefu Sumbawanga ilikuwa kama mwisho wa njia: lori likifika lazima ligeuze na kurudi lilikotoka, ndipo lielekee mkoa mwingine.

Hoja hiyo inazeeka, naona. Lami imekuwa ikisogea kipande kwa kipande kuelekea Mpanda, na kutoka Mpanda hadi Tabora ipo. Msafara unaweza kuingia kwa Tunduma na kutokea kaskazini. Halafu Mkoa wa Rukwa wote una watu zaidi ya milioni moja na nusu, na hawa hawana Mbeya ya kwao karibu.

Ushahidi mzuri zaidi wautoa mpira. Msimu wa 2020/21, Tanzania Prisons iliuchukua Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, kuwa wa nyumbani. Simba ikaja. Yanga ikaja. Oktoba 22, 2020 Simba ilifungwa hapo bao 1-0, na mji huu haujaacha kulisimulia. Kama basi la Simba liliijua njia, lori la spika litaikosaje?

Wasanii wa Sumbawanga nao wana kilio chao, na kwangu hicho ndicho kizito zaidi. Tamasha likija, wao hupewa "nafasi": kupanda jioni, uwanja mtupu, malipo yakiwa nauli na soda. Lisipokuja, hawana hata hiyo. Ngoma ya nsimba ya Wafipa huonekana kiongozi anapopokelewa, kwa dakika tano, kisha vumbi likatulia. Studio zipo, vijana wanarekodi, nyimbo zinakaa kwenye simu. Mahali pa kupanda na kupiga laivu, kila mwisho wa wiki, mbele ya watu waliolipa hata Sh2,000, hapajatengenezwa.

Wazazi nao wana kilio, ila hawalii na muziki. Wanalia na usiku. Na hapo wana haki.

Usukani wa saa 11 alfajiri

Machi 2011 kundi la Five Stars Modern Taarab lilipata ajali usiku likipita Mikumi, likirejea Dar es Salaam kutoka maonesho mkoani Mbeya. Watu 13 walikufa, akiwamo mwimbaji Issa Kijoti. Hao walikuwa wasanii, wenye gari la kazi. Shabiki anarudi na Noah ya kukodi.

Basi lililosajiliwa linafuatiliwa na mfumo wa LATRA, na kwa safari ndefu linatakiwa kuwa na madereva wawili. Dereva wetu alikuwa mmoja. Alilala saa mbili kwenye kiti chake, nje ya uwanja, muziki ukigonga vioo. Tulipoondoka saa 10 alfajiri nilikaa mbele, nikapewa kazi moja: kumzungumzisha.

Nilimaliza habari zote nilizokuwa nazo kabla ya Vwawa. Tunduma tulikuta foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo, tukajipenyeza pembeni. Mbele ya Ndalambo alikaa kimya kwa muda ambao sikuupenda, gari likaukanyaga mstari mweupe wa ukingoni, likarudi. Nikamgusa bega.

"Nimeona," akasema. Lakini alisimamisha gari, akashuka, akanawa uso kwa maji ya chupa, na maji ya Ufipa asubuhi yanaweza kumwamsha hata maiti. Nyuma yetu hakuna aliyejua. Walikuwa wamelaliana kama magunia, tepe zao za karatasi mikononi.

Laela tulinunua chai na mihogo ya kukaanga. Jua lilikuwa limetoka, watu wa Jumapili wanaelekea kanisani. Ufipa ni nchi ya Wakatoliki tangu zama za Wamisionari wa Afrika, wale White Fathers waliotia nanga Karema mwaka 1885, na kwaya huku haina masihara. Ilisikika kutoka barabarani, sauti nne, kayamba na ngoma, bila spika hata moja. Fundi cherehani aliketi mlangoni mwa gari, miguu imevimba, viatu vya shoo vimelala kwenye majani. Alisikiliza hadi mihogo ikaisha.

"Hawa wanaimba kweli," akasema, kisha akaomba tuondoke, kwani Jumatatu alikuwa na sare kumi na mbili za kukabidhi.

Nilimuuliza kama angekwenda tena. Akasema angekwenda, ila kwa basi.

Namuunga mkono, na kwa wasomaji wanaojiandaa na msimu huu nasema hivyohivyo: pandeni basi lenye madereva wawili, hata kama Noah ni nafuu na kila aliyemo ni mwembamba. Kwa waandaaji nina ombi. Uwanja wa Nelson Mandela upo, Simba na Yanga wameshaujaribu, na mahindi yanaanza kuuzwa Juni. Njooni na bendi. Flashi iacheni Dar es Salaam.